Fundi wa Mafundo

Siku fundi wa redio alipofariki, mtaa ulinyamaza kabla habari hazijaufikia. Ilikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Mezani kwake redio saba zilikuwa zimefunguliwa matumbo, pasi ya mtu ilikuwa inasubiri waya, na chai yake ilikuwa bado ya moto chini ya kisahani. Aliinama kuokota bisibisi, hakuinuka. Mkewe, aliyekuwa kwenye kigoda chake cha kila siku kando ya meza, alisubiri kidogo, akidhani bisibisi imeviringika chini ya kabati.

Kufika alasiri, uani hapakuwa na pa kuweka mguu. Watu huwalilia marehemu kwa wema wao. Huyu walimlilia kwa wema wake na kwa vyombo vyao pia.

"Nani ataniungia spika zangu?" alilia mshonaji wa nyumba ya pili, mwanamke ambaye hata akinong'ona wateja husikia. "Zimo kwenye boksi mwezi wa pili huu! Aliniambia, dada, subiri, nitakuja Jumanne. Jumanne yenyewe kesho!"

"Alikuwa na maringo kidogo, lakini," alisema mwalimu mstaafu kwa upole. "Mnakumbuka msiba wa mama yangu? Sote tumevaa nyeusi, yeye anaingia na shati jekundu kama nyanya. Nilimsamehe. Kipaza sauti kilipokufa katikati ya hotuba, nani mwingine angekifufua?"

Watu wakacheka, kisha wakakumbuka wako wapi, wakalia tena.

Miongoni mwao alikuwamo bwana mmoja ambaye hakumjua marehemu hata kwa sura, wala hakuwa na kawaida ya kuruhusu jambo dogo kama hilo limnyime chai. Jina lake la kuzaliwa lilijulikana na mama yake na vituo viwili vya polisi. Mjini aliitwa Mkato, kwa sababu hakuna safari ambayo yeye hakuijulia njia ya mkato. Alikuwa akipita tu, akaona viti vinapangwa, akaketi.

Miezi ile maduka yalikuwa yamejaa seti za muziki za bei ya kutupa: amplifaya moja, spika ndogo tano na boksi la besi, vyote ndani ya katoni yenye picha ya familia inayocheka mbele ya televisheni. Ukiziunga vizuri, sauti ya filamu inakuzunguka: mvua inanyesha mgongoni kwako, gari linapita toka sikio hili hadi lile. Ukiziunga vibaya, una mapambo sita ya kufuta vumbi. Nusu ya mtaa walikuwa wamenunua, na wote walikuwa wakimsubiri mtu mmoja, ambaye sasa alikuwa amelala chumba cha ndani amefunikwa shuka.

Mkato alisikiliza vilio hivyo vyote mpaka kikombe kikaisha. Wengine waliona msiba. Yeye aliona nafasi ya kazi.

"Mwalimu wanguuu!" alipiga yowe, akaanguka. Kwa bahati nzuri alikuwa amechagua upande wenye mkeka.

"Wewe ni nani, baba?" mshonaji alimuuliza akimpepea.

"Mwanafunzi wake. Alinifunda miaka miwili, kwa siri, kule upande wa pili wa mji. Hakutaka maneno. Si unawajua watu?"

"Nawajua!" alisema mshonaji, ambaye kweli alikuwa akiwajua, mmoja mmoja, na mambo yao.

"Mpaka sasa namsikia. 'Mwanangu, nyekundu kwa nyekundu, nyeusi kwa nyeusi. Ukikosea rangi, umekosea maisha.' Kila siku, dada yangu. Nyekundu kwa nyekundu!"

Mjane, ambaye hakuwa ameinua uso tangu asubuhi, aliuinua. Alimtazama yule bwana kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka ameacha nini jikoni. Kisha akauinamisha.

Mkato aliona macho yamejaa machozi, akajua amekubalika. Kwa heshima zote zinazostahili taaluma yake, hapo alikosea.

*

Wiki iliyofuata alianza kazi, na nyumba ya kwanza ilikuwa ya mshonaji. Spika tatu za mbele aliziunga kwa kufuata picha iliyokuwa kwenye katoni, akipiga mluzi. Zilipotoa muziki alishangaa kuliko mwenye nyumba, ila hakuonyesha. Alipofika kwenye zile mbili za nyuma, akatikisa kichwa.

"Hizi siwezi kuziunga leo, dada."

"Zina nini?"

"Hazijafundwa. Spika ya mbele huzaliwa inajua kazi. Ya nyuma ni kama bibi harusi: usipomfunda, ataropoka mbele ya wakwe."

"Sasa spika inafundwaje?"

"Nazifungia gizani siku nne, nazisomesha sauti ndogondogo. Nyayo. Mlango. Mvua. Marehemu hakumwambia mtu siri hii, na mimi nakwambia kwa sababu una uso wa kutunza siri."

Mshonaji, ambaye hakuwa amewahi kusifiwa hivyo maishani, alimfungia spika zote mbili kwenye kitambaa kipya.

Siku ya nne zilirudi zikiwa zimefutwa zikang'aa. Moyo wa kila spika, yaani ile sumaku na koni yake, ulibaki kwenye begi la Mkato. Mahali pake palikuwa na mchanga, ili uzito usimsaliti.

"Mbona sizisikii?" aliuliza mshonaji, akiwa ametega sikio mpaka shingo inauma.

"Ndiyo kufundwa huko, dada. Spika yenye adabu haisemi mpaka isemeshwe."

Mshonaji akaona haya kuuliza tena. Vivyo hivyo mwalimu mstaafu, aliyekuwa amesoma sana na kwa hiyo alikuwa rahisi zaidi. Vivyo hivyo nyumba mbili nyingine. Begi la Mkato likawa na mioyo minane, na kila alipopita mtaani watu walimwita fundi.

Cheo hupanua tumbo. Mkato akaanza kukitamani chumba cha kazi cha marehemu: kaunta yake, vifaa vyake ukutani, na nyuma ya pazia, kochi kuukuu mbele ya televisheni, na ile seti. Hiyo haikuwa ya dukani. Marehemu aliikusanya kwa miaka sita kutoka kwa vyombo vilivyotupwa: spika mbili za gari lililokufa, mbili za ukumbi wa shule, moja ya kati ambayo hakuna aliyejua ilikotoka, na boksi la besi alilolipigilia misumari mwenyewe. Aliifanya kwa ajili ya mkewe, aliyependa filamu kuliko kulala. Waliosikia seti hiyo walisema ukitazama filamu ya baharini utatoka umelowa.

Chumba kilikuwa cha mwenye nyumba, mzee ambaye neno "tafadhali" lilimpita, lakini "bure" alilisikia hata akiwa usingizini.

"Mzee," Mkato alimnong'oneza, "nipe chumba, na ile seti ya marehemu naihamishia sebuleni kwako. Bure."

Mzee akamshika mkono. "Rudia neno la mwisho."

Kesho yake asubuhi mzee alisimama mlangoni mwa chumba hicho, mbele ya mjane, amevaa sura ya huzuni.

"Shemeji, pole tena. Mimi nimekaa, nimefikiri. Chumba cha fundi kinamtaka fundi. Wewe utakaa humo unafanya nini, unatazama bisibisi? Mwisho wa mwezi nitampa mwanafunzi wake. Ndivyo angetaka yeye."

Mjane alikuwa kwenye kigoda chake. Kwenye chumba kile alikuwa ameketi miaka ishirini na miwili, kila siku, kushoto kwa mume wake. Nyumbani alikokuwa akilala kulikuwa na kitanda tu. Hapa ndipo walipoishi.

"Ni kweli, shemeji," alisema. "Chumba apewe fundi. Lakini seti ya marehemu haijaungwa. Aliichomoa Jumapili afute vumbi, Jumatatu ikafika. Mwanafunzi wake aje Jumamosi aiunge, watu wakiwepo. Atakayeifanya sauti ikae mahali pake, chumba ni chake, na seti pia."

"Watu wa nini tena?"

"Kwani neno lako mbele ya watu ni jingine?"

Mzee akatazama nje. "Ni lilelile," alisema, kwa sababu mshonaji alikuwa akipita, na kusikia kwake ilikuwa sawa na kutangazwa.

Jioni hiyo mjane alimfuata mshonaji apunguziwe gauni lake jeusi, maana mwili ulikuwa umeisha ndani yake. Akisubiri kwenye kochi, mkono wake ukagusa spika ya nyuma. Aliibishia hodi kwa kidole, kama mlango. Spika nzima hujibu kwa mwangwi. Hii ilijibu kama gunia.

"Niazime hii," alisema. "Na mwenzake."

Walifungua skrubu nne pamoja. Mchanga ukamwagika juu ya meza ya kushonea, mzuri, umechekechwa, hauna jiwe hata moja.

"Mama yangu!" mshonaji alishika kichwa. "Wiki mbili nimekaa naupigia makofi mchanga!"

"Nyamaza."

"Mimi? Ninyamaze?"

"Mpaka Jumamosi."

"Shoga, Jumamosi ni siku tatu!" alisema mshonaji, kwa uchungu wa mtu aliyeambiwa asipumue.

*

Jumamosi, saa nane mchana, pazia la dirisha lilishushwa. Mwenye nyumba alipewa kochi katikati. Mwalimu na mshonaji walikaa kandokando yake, na wengine walisimama hadi mlangoni. Mkato alikuja na begi lake na kila alichokuwa nacho duniani, kwa kuwa alikusudia kulala humo. Alilitua chini ya kaunta. Kando ya mlango aliona katoni mpya ya amplifaya, imefungwa vizuri kwa utepe.

"Hiyo nini, mama?"

"Ya mteja. Haijaguswa. Nawe usiiguse, mwanangu."

Mkato akaitazama jinsi paka anavyotazama samaki wa jirani.

Alivua koti, akapiga magoti nyuma ya amplifaya. Nyaya zote za spika zilipita pamoja kwenye bomba moja chini ya zulia, zikatokeza hapo kama mizizi. Nyekundu, nyeusi, nyingine zimeungwa njiani kwa vipande vya rangi nyingine. Na katika kila jozi, waya mmoja ulikuwa na mafundo madogomadogo.

"Hayo mafundo ni ya nini, fundi?" mjane aliuliza.

"Ah, haya? Panya, mama."

"Panya wanafunga mafundo?"

"Panya wa mjini," alisema Mkato. "Mwalimu wangu alikuwa akilalamika sana." Akaendelea kwa sauti, ili watu wajifunze: "Nyekundu kwa nyekundu... nyeusi kwa nyeusi..."

Alipomaliza alisimama, akajifuta mikono kwa leso. Mjane akampa diski.

"Jaribu na hii. Ndiyo aliyojaribia kila seti."

Mkato akaitia, akabonyeza. Kwanza ulisikika mkwaruzo. Halafu, kutoka nyuma ya kochi, sikioni kwa mwenye nyumba, sauti ya mwanamume ikasema taratibu:

"Hapa ni mbele, kushoto."

Mwenye nyumba aliruka akaangukia mapajani kwa mshonaji, naye akamsukuma kwa mwalimu.

"Kama unanisikia mahali pengine," sauti iliendelea, "aliyekuungia ni mwongo. Mwambie afungue, aunge upya."

Chumba kizima kiliganda. Wengine walikuwa wameanza kulia. Mkato peke yake ndiye aliyekuwa akigeuka huku na huku amekunja uso.

"Nani huyo anaongea?" aliuliza.

Watu wote wakamgeukia. Hata mshonaji.

"Huyo," alisema mwalimu mstaafu, akiweka miwani yake sawa, "ni mwalimu wako."

Mkato alitazama mlango, halafu katoni iliyokuwa kando yake.

Mjane aliinuka kwenye kigoda. Alikwenda mpaka kwenye zile nyaya, akasita. Kulikuwa na jambo ambalo aliahidi kutolisema, na aliyemwahidi hakuwepo tena wa kumwachilia ahadi. Akaushika ukingo wa meza.

"Mume wangu alikuwa haoni nyekundu," alisema. "Kwake nyekundu na nyeusi zilikuwa kitu kimoja. Alizaliwa hivyo. Fundi wa umeme asiyeona nyekundu, nani angempa hata tochi? Mimi nilikaa hapa kumwambia. Nisipokuwepo, alitumia vidole. Fundo moja, mbele kushoto. Mawili, mbele kulia. Matatu ya kati. Manne na matano za nyuma. Katika kila jozi, waya wenye fundo ndio wa chanya, rangi yoyote iwayo. Hajawahi kumwambia mtu nyekundu kwa nyekundu. Angejuaje?"

"Kumbe lile shati!" mwalimu alipiga kelele.

"Alijua amevaa jeusi. Aliniuliza nikiwa naoga, nikamjibu ndiyo, bila kutazama. Mpaka leo..." Hakuimalizia. Mwalimu alikuwa anacheka na kujifuta macho kwa wakati mmoja, na kicheko chake kiliwaambukiza wengine, hata mjane mwenyewe, kidogo.

Alipiga magoti. Hakuwasha taa. Alifungua nyaya zote akaanza upya, vidole vikipita juu ya mafundo, midomo ikihesabu. Haikuchukua muda.

"Sasa fumbeni macho," alisema. "Alikuwa hapendi mtu asikilize kwa macho."

Wote wakafumba, isipokuwa mmoja.

"Hapa ni mbele, kushoto," ilisema sauti, na ilikuwa mbele, kushoto. "Hapa ni mbele, kulia." Ikaenda kulia, kama mtu aliyevuka chumba kufuata koleo lake. "Hapa ni katikati."

Nyuma yao ubao wa sakafu ukalia. Nyayo zikanyata. Kitu kizito kikaburutwa, mtu akaguna, mlango ukatoa mlio mrefu.

"Sikieni huo mlango!" alinong'ona mwenye nyumba, macho yamefumbwa, uso umejaa raha. "Safi! Kama kweli kabisa!"

"Hapa ni nyuma, kushoto. Hapa ni nyuma, kulia. Haya, kazi imekwisha." Palikuwa na kikohozi kidogo, kile walichokijua wote. "Mama, upo?"

"Nipo," alisema mjane.

Walipofumbua macho, Mkato hakuwepo, wala katoni ya amplifaya.

"Mwizi!" mwenye nyumba alirukia mlango. "Amechukua mali ya mteja! Kimbizeni!"

"Kaa, shemeji," mjane alisema. "Mle ndani ni mchanga wake. Nilikuwa nimemwekea."

Mshonaji aliyenyamaza siku tatu alipasuka. Alicheka mpaka akalazimika kushikwa, na kati ya kicheko na kicheko alisimulia yote, pamoja na mengine ambayo hayakutokea. Wakalivuta begi lililosahaulika chini ya kaunta. Ndani, katikati ya mashati mawili na soksi, ilikuwamo mioyo minane ya spika, kila mmoja umefungwa kwenye gazeti kama yai.

Mwenye nyumba alikuwa anasogea mlangoni polepole.

"Mzee," mwalimu alimwita, "sauti imekaa mahali pake?"

"Imekaa."

"Aliyeikalisha ni nani?"

Mzee aliwatazama watu wote waliosimama, akatafuta njia, akakuta amekaliwa na neno lake mwenyewe. "Ni yeye," alisema. "Chumba cha fundi kinamtaka fundi." Kisha, kwa sauti ya chini: "Shemeji, na mimi nina seti kwenye boksi. Hutaniungia hata kwa..."

"Foleni inaanzia kwa mshonaji," alisema mjane.

Inasemekana Mkato alionekana machweo ng'ambo ya mji, ameketi kwenye jiwe, katoni iko wazi miguuni, anachota mchanga kwa kiganja na kuuacha uchuruzike. Aliyemwona alidhani ni fundi ujenzi.

Siku hizi chumba hufunguliwa saa mbili asubuhi. Kigoda kiko palepale, ila aliyekuwa akikikalia sasa huketi kwenye kiti cha meza. Kila seti inayoungwa mtaani hufungwa mafundo, ingawa anayeziunga anaziona rangi zote, na hujaribiwa kwa diski ileile. Wateja wameshaizoea ile sauti. Inapofika mwisho na kuuliza, mjane hujibu, halafu huzima, akaandika jina la anayefuata.